Mvuto Pekee Haumfanyi Mtu Kiongozi

Tarehe 25 Januari 1971 watu wa Kampala walimiminika barabarani kwa shangwe. Rais Milton Obote alikuwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, na jeshi likampindua akiwa hukohuko. Aliyeshika nchi alikuwa Idi Amin, Mkakwa ambaye ukoo wa baba yake ni wa Koboko. Alijua kugusa watu panapowauma: aliwafungulia wafungwa wa kisiasa, akaurudisha kutoka Uingereza mwili wa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, na watu wa Buganda waliokuwa na kinyongo na Obote wakamkumbatia. Bingwa huyu wa zamani wa ndondi alikuwa mcheshi, alipiga akodiani, na alizungumza Kiswahili cha kambini ambacho askari wa kila kabila walikielewa. Kwa mvuto, alifuzu. Walimu wa uongozi wanapotuambia kwamba kiongozi hodari ni mwenye mvuto na akili ya hisia, wanaviunganisha kana kwamba kimoja huja na kingine. Historia ya West Nile, eneo la kaskazini-magharibi mwa Uganda alikotoka Amin, inakataa.

Msomi wa Kijerumani Max Weber alikwisha kueleza kwamba mvuto huishi katika imani ya wafuasi kuliko katika tabia ya anayefuatwa. Akili ya hisia, waliyoieleza Peter Salovey na John Mayer mwaka 1990 na Daniel Goleman akaieneza kwa kitabu chake cha 1995, inadai zaidi: mtu azisome hisia za wenzake, lakini azijue na kuzimudu zake pia. Hapo ndipo Amin alipoanguka. Filamu aliyomtengenezea Barbet Schroeder mwaka 1974 inamwonyesha katika kikao cha mawaziri, akiwasomea watu wazima kama watoto wa shule, nao wameinamia madaftari wakiandika kila neno. Hakuna anayebisha. Anayekaripiwa humo ni waziri wa mambo ya nje, Michael Ondoga, Mlugbara wa hukuhuku West Nile; mwaka huohuo mwili wake uliopolewa kutoka Mto Nile. Rais aliyezungukwa na watu wa namna hiyo ataambiwa na nani kwamba amekosea? Ndivyo alivyowafukuza Waasia mwaka 1972 kwa notisi ya siku 90, na mwaka 1978 akaivamia Kagera nchini Tanzania.

Kuna atakayesema Amin alitawala kwa bunduki, mvuto haukuhusika. Bunduki ilikuwepo, ndiyo, lakini zile shangwe za 1971 hazikulazimishwa na mtu, na ndizo zilizompa muda wa kujijenga. Wengine hulaumu uchache wa masomo yake. Obote alikuwa amesoma, na askari wa serikali yake ya pili, iliyokuja baada ya Amin kuangushwa, ndio walioua raia waliojihifadhi kwenye misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, nje ya Arua, tarehe 24 Juni 1981. Watu wa Koboko na Arua walilipishwa makosa ya Amin peke yake. Maelfu wakakimbilia Sudan na Zaire, wakiwemo wengi ambao Amin hakuwahi kuwafaa kwa lolote.

Pingamizi lenye uzito ni hili: mtu asiye na mvuto atafuatwa na nani? Mwaka 1986, jeshi la Yoweri Museveni, lililokuwa limetwaa Kampala, lilipokaribia, wazee wa West Nile waliwashawishi wapiganaji wa kwao wasipigane, na eneo likakabidhiwa bila vita kubwa. Hawakuwa wasemaji wa majukwaani. Walikuwa na heshima iliyochukua miaka kujengeka, na waliweza kukaa na vijana wenye silaha na hasira bila wao wenyewe kuwaka. Ni kweli kwamba kazi yao haikumaliza kila kitu. Makundi ya waasi yalizuka tena miaka ya 1990, na mkataba wa amani kati ya serikali na mojawapo, UNRF II, ulitiwa saini Desemba 2002 tu. Hata hivyo, mtu anayetafuta diwani wa Koboko au meya wa Arua angefanya vyema kuuliza kwanza mgombea hujibu vipi anapopingwa mbele za watu, kisha ndipo ahesabu umati uliomfuata.