Ankara inapofika Bujumbura na herufi za ajabu

BUJUMBURA. Lori likitoka Dar es Salaam kuelekea Burundi, karatasi zake zinatakiwa zitangulie. Ankara, orodha ya mizigo na cheti cha uasilia hutumwa kwa barua pepe ili wakala wa forodha aandae tamko kabla shehena haijafika mpaka wa Kabanga na Kobero. Kiambatisho kikigoma kufunguka, au jina la kampuni likisomeka "SociÃ©tÃ©" badala ya "Société", kazi inasimama huku lori likisubiri, na kila siku ya kusubiri ina gharama yake.

Chanzo cha usumbufu huo ni cha zamani. Kanuni za kutuma barua pepe zilizotolewa Agosti 1982 ziliandikwa Marekani kwa ajili ya maandishi ya Kiingereza. Zilipokea alama 128 tu, yaani herufi za kawaida, tarakimu na alama za uandishi. Kiswahili kingepita bila shida kwa kuwa herufi zake zote zimo humo. Kifaransa, ambacho ndicho lugha ya nyaraka nyingi za biashara Bujumbura, kingekwama kwenye é na ç. Picha nayo haikuwa na njia.

Suluhisho lilikuja mwaka 1992. Wataalamu wawili wa Marekani, Nathaniel Borenstein na Ned Freed, walitunga kanuni inayoitwa MIME, ikachapishwa Juni mwaka huo. Tayari Machi 11, Borenstein alikuwa ametuma barua ya majaribio yenye picha na sauti ya kundi lake la waimbaji wanne. Kanuni hiyo iliboreshwa mwaka 1996 na ndiyo inayotumika hadi leo.

Werevu wake ni kwamba haikubomoa barabara ya zamani, bali ilibadilisha namna ya kufunga mzigo. Barua hugawanywa vifurushi, na kila kifurushi hubandikwa lebo inayosema kilichomo, kama ni maandishi, picha au PDF, na kimefungwaje. Faili hugeuzwa kuwa mfululizo wa herufi, tarakimu na alama mbili, jumla alama 64 ambazo kila mtambo wa barua unazipitisha. Mtindo huo unaitwa Base64. Anayepokea, kompyuta au simu yake husoma lebo na kurudisha faili kama lilivyokuwa.

Ufungaji huo una uzito wake. Kila baiti 3 huwa alama 4, hivyo faili la MB 6 husafiri likiwa zaidi ya MB 8. Ndiyo maana faili linaweza kukataliwa na mtambo wa barua, ingawa ukubwa wake wa awali uko chini ya kikomo. Mfanyabiashara anayepiga picha kumi za nyaraka kwa simu atafika haraka zaidi akizikusanya katika PDF moja iliyopunguzwa ukubwa.

Herufi za ajabu nazo zinatokana na lebo. Katika mfumo wa UTF-8, unaobeba maandishi ya karibu lugha zote za dunia, é huandikwa kwa baiti mbili. Lebo ikikosekana au ikisema uongo, kompyuta husoma kila baiti kama herufi yake, na hapo "é" inakuwa "Ã©". Hata Kiswahili hakisalimiki siku hizi. Simu nyingi huandika ng'ombe kwa alama ya mkato iliyopinda, na lebo ikikosewa mnunuzi husoma "ngâ€™ombe".

Kwa hiyo mpokeaji akiona alama hizo asidhani faili limeoza. Mara nyingi kilichomo ni kizima, na kinachotakiwa ni kuifungua barua kwa programu nyingine au kumwomba mtumaji aitume tena kama PDF. Jina la faili nalo liwe jepesi: "Declaration-Kobero.pdf", bila mkazo, ni salama kuliko "Déclaration". Kuhusu anwani, kanuni za mwaka 2012 zinaruhusu herufi za lugha yoyote, lakini mitambo yote inayohusika lazima izikubali. Kwa biashara, anwani yenye herufi za kawaida bado ndiyo ya uhakika.

Jambo moja wafanyabiashara wasilisahau: Base64 si kufuli. Ni ufungaji tu, na yeyote atakayeipata barua njiani anaweza kuufungua. MIME yenyewe haithibitishi kwamba ankara imetoka kwa anayedai kuituma. Namba ya akaunti ya benki ikibadilika ghafla kwenye ankara ya muuzaji wa siku zote, dawa ni kumpigia simu kwa namba inayojulikana tangu awali, si ile iliyoandikwa kwenye barua hiyo.

Tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kongo mwaka 2022, ankara moja inaweza kupita mikono ya watu wa Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili. Lebo ikiwa sahihi, wote watasoma jina lile lile na kiasi kile kile.