Mkono Uliolegea kwa Kiharusi

Mshipa wa ubongoni ukiziba au kupasuka, mara nyingi mkono wa upande mmoja hulegea. Jamaa, kwa huruma, humlisha mgonjwa na kumvika, nao mkono huzidi kusahau kazi. Huko Kasulu na Kibondo, vilimani Kigoma, yapo maharage ya kuchambua. Kwetu zipo karafuu. Akiweza kukunjua vidole japo kidogo, na mtaalamu wa viungo akiridhia, aketi jamvini, mkono wenye afya ufungwe kitambaa, ule dhaifu utenge karafuu na makonyo. Jaribio la Marekani lililotangazwa mwaka 2006, kwa wagonjwa 222, lilionyesha kuwa kuuzuia mkono wenye afya hivyo na kuuzoesha ule dhaifu kwafaa hata miezi 3 hadi 9 baada ya kuugua. Ila asiinuliwe kwa kuvutwa mkono huo. Bega lake huumia upesi.