Gemu za watoto: faida haiko kwenye mashine

Safu yetu ya hali ya soko wiki hii inaangalia bidhaa ambayo wafanyabiashara wa Unguja huipapatikia kila inapokaribia Idd, kisha baadhi yao wakabaki nayo dukani hadi Idd nyingine. Bidhaa hiyo ni mashine za gemu za watoto, pamoja na vifaa na mapambo yanayokwenda nazo.

Wateja wapo. Tatizo ni kwamba anayeitaka bidhaa hii ni mtoto, lakini anayelipa ni mzazi. Muuzaji anayemvutia mtoto peke yake huuza mara moja. Anayeweza kujibu maswali ya mzazi huuza mwaka mzima.

Biashara yenyewe si ngeni Darajani. Televisheni Zanzibar ilianza kuonesha picha za rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994 kupata kituo chake cha kwanza. Masharti ya biashara yalipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, Unguja ikawa njia ya bidhaa za Dubai, na watu wa Bara wakawa wanavuka bahari kufuata redio na televisheni. Mashine za gemu zilipita mlango huo huo. Zilitangulia zile za kaseti, nyingi zikiwa za kuiga Famicom ambayo kampuni ya Nintendo iliitoa Japani mwaka 1983. Baadaye zikaja PlayStation. PlayStation 2 ya mwaka 2000, iliyouzwa zaidi ya milioni 150 duniani, ndiyo iliyojaza mabanda ya mitaani ambako vijana hulipia mechi moja moja.

Mabanda hayo ndiyo yanayomsukuma mzazi kuja dukani. Chukua mfano wa mzazi wa Kizimbani, ambaye kipato chake kinatokana na mashamba ya viungo. Hapendi mwanawe ashinde bandani hadi magharibi bila ya kujua anacheza nini na anacheza na nani. Anaona ni afadhali gemu iwepo nyumbani, ndugu wote wacheze mbele ya macho yake. Anapofika mjini na fedha yake mfukoni, huwa ana maswali matatu.

Swali la kwanza: Inamfaa mtoto wa umri gani?

Jibu limeandikwa kwenye kasha, ila wauzaji wengi hawalisomi. Gemu zilizotayarishwa kwa soko la Ulaya zina alama za PEGI, mpango ulioanza mwaka 2003. Namba 3 na 7 huwa katika rangi ya kijani, 12 na 16 katika rangi ya machungwa, na 18 katika nyekundu. Za Marekani hutumia herufi za ESRB, chombo kilichoundwa mwaka 1994. E ni ya watu wote, T ni ya vijana kuanzia miaka 13, na M ni ya miaka 17 na kuendelea. Mitumba ya Japani huwa na herufi za CERO kuanzia A, ambayo ni ya wote, hadi Z, ambayo ni ya watu wazima tu.

Ieleweke kwamba alama hizi hupima yaliyomo, kama vile mapigano, matusi na kamari. Hazipimi ugumu wa mchezo. Gemu ya mpira inaweza kupewa namba 3 na bado ikamshinda mtoto wa miaka mitano. Muuzaji anayemweleza mzazi tofauti hiyo hurudishiwa bidhaa chache.

Swali la pili: Itawaka kwa umeme wetu?

Hapa ndipo mitaji mingi inapoungulia. Umeme wetu ni wa volti 230, na wa Japani ni volti 100. Baadhi ya mashine za zamani zilizotengenezwa kwa ajili ya Japani, zikiwemo PlayStation 2 za mwanzo, zikichomekwa moja kwa moja ukutani huungua papo hapo. Zinahitaji transfoma ya kushusha umeme, na gharama hiyo lazima ihesabiwe kabla ya kununua. PlayStation 4 na Nintendo Switch hupokea volti 100 hadi 240, hivyo hazina shida hiyo. Aidha, diski za PlayStation 2 zimefungwa kwa eneo. Diski ya Ulaya haichezi kwenye mashine ya Japani ambayo haijafunguliwa na fundi.

Wakaazi wa Unguja hawahitaji kuelezwa habari za kukatika umeme. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kizima kilikaa gizani kwa takriban miezi mitatu, baada ya hitilafu katika njia ya umeme kutoka Bara. Waya mpya wa baharini wenye uwezo wa megawati 100 ulizinduliwa mwaka 2013 na hali ikawa nafuu. Hata hivyo, umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo bado ni adui wa mashine. Stabilaiza ndogo iuzwe pamoja na mashine, si baada ya mashine kuungua.

Swali la tatu: Nitaendelea kutoa fedha hadi lini?

Mzazi anaogopa kununua mdomo usioshiba, na ana haki. Mashine za toleo la dijitali hazina mahali pa kuingizia diski. Kila gemu hushushwa kwa intaneti na kulipiwa kwa njia za benki, na gemu moja kubwa inaweza kumeza gigabaiti 50 au zaidi. Kwa familia inayonunua bando la siku, hilo ni zigo. Mashine ya diski ina faida ambayo duka linaweza kuitumia: diski iliyokwisha kuchezwa hubadilishwa au huuzwa tena. Muuzaji anayepokea diski za zamani na kuongezewa fedha kidogo kwa nyingine humrudisha mteja yule yule kila mwezi.

Hesabu ya mtaji mdogo

Tuchukue mfano wa mtaji wa shilingi 3,000,000. Bei hizi ni za kuelezea tu. Kila mmoja aweke zake. Mfanyabiashara ananunua mashine 6 za mitumba kwa shilingi 400,000 kila moja, jumla 2,400,000, na kuziuza kwa 460,000. Akiuza zote atapata faida ya shilingi 360,000, sawa na asilimia 15. Lakini moja ikiungua kabla ya kuuzwa, faida ya zile tano ni 300,000 na hasara ya ile moja ni 400,000. Ameshafanya kazi ya bure, na ametoa 100,000 juu yake.

Shilingi 600,000 zilizobaki ananunulia padi 30 za kuchezea kwa 20,000 kila moja na kuziuza kwa 28,000. Faida ni 240,000, yaani asilimia 40. Padi moja ikiharibika, hasara ni 20,000 tu. Na padi huchakaa, kwa hiyo mteja atarudi.

Salama zaidi kwa anayeanza ni bidhaa zisizotumia umeme kabisa, kama vile mabegi ya skuli, fulana na vikombe vyenye picha za Mario, Sonic au Pokémon. Filamu ya Mario ya mwaka 2023 iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani, na ikawafanya hata watoto wasio na mashine waitambue sura hiyo. Tahadhari ni moja: picha hizo zina wenyewe, na bidhaa ya kuiga inaweza kukamatwa. Kadhalika zile mashine za mkononi zinazodai kuwa na gemu 9999. Nyingi huwa na gemu chache zinazorudiwa kwa majina tofauti, na mtoto hugundua siku ya pili.

Kalenda

Fedha za bidhaa hii hutoka sikukuu, watoto wanapopewa mkono wa Idd na kwenda Mnazi Mmoja. Idd el Fitr hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka. Mwaka 2024 iliangukia Aprili 10, na mwaka 2025 ilikuwa mwisho wa Machi, yote miezi ya masika. Mwaka 2027 inatarajiwa karibu na Machi 10, na baada ya hapo itaingia Februari, wakati wa kaskazi. Anayeagiza kwa tarehe za mwaka uliopita atapokea kontena sikukuu ikiwa imekwisha, na mzigo wa China huchukua wiki kadhaa baharini.

Ushauri wetu kwa mwekezaji mdogo ni huu: mashine chache, zilizowashwa na kujaribiwa mbele ya mteja, padi, diski na mabegi kwa wingi, na kila bidhaa iliyorudishwa iandikwe pamoja na sababu yake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na katika biashara hii hupotea haraka zaidi, kwa sababu mtoto hasubiri na mzazi hasahau.