Usilipie Kozi ya Seva Kabla ya Kujaribu Mwenyewe

Dada mmoja anayefanya kazi za ndani Muscat alituuliza hivi: "Nimeambiwa nilipe riyali 150 nisomee mambo ya seva, nikimaliza napata kazi ya ofisini. Nilipe?" Kwake hizo ni hela za mwezi mmoja na nusu. Tulimjibu: subiri kwanza. Kazi hii unaweza kuijaribu mwenyewe bila ada, ukajua kama unaipenda, ndipo utoe pesa.

Seva ni kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine: inahifadhi mafaili, inaendesha tovuti, inapokea barua pepe. Mtu wa seva anaifunga, anailinda na kuitengeneza ikigoma. Kujifunza huhitaji chumba chenye mitambo. Kuna programu ya bure inayoitwa VirtualBox, inayotengeneza kompyuta ndani ya kompyuta yako. Hizo za ndani zinaitwa mashine pepe. Ukiiharibu moja, unaifuta na kuanza upya, na kompyuta yako inabaki salama.

Hesabu kwanza

Sisi ni wahasibu, kwa hiyo tuanze na mfuko. Tuseme mshahara ni riyali 100. Nyumbani unatuma 60, matumizi yako 20, akiba ya dharura na tiketi 12. Zinabaki 8. Ukitenga hizo 8 kila mwezi, miezi 10 una riyali 80 za kutafutia kompyuta mpakato iliyotumika. Usikope, na usiguse ile 12. Kama itabidi upunguze ya nyumbani hata kidogo, mwambie mama mapema na umweleze sababu. Maneno huanza pale pesa inapopungua kimyakimya.

Kabla ya kulipa, iwashe mbele ya muuzaji uangalie: RAM iwe GB 8 au zaidi, diski iwe SSD ya GB 256, na kwenye BIOS uwezo wa kuendesha mashine pepe uwepo na uwashwe. Huo ukikosekana, hata kompyuta iwe nzuri namna gani, rudisha mkono mfukoni.

Namna ya kuanza

Pakua VirtualBox, halafu Ubuntu Server au Debian. Zote ni bure. Faili la Ubuntu Server ni kubwa, GB 2 na zaidi, kwa hiyo usilipakue kwa bando la simu. Faili dogo la Debian halifiki GB 1, ila litavuta mengine wakati wa kufunga. Tengeneza mashine mbili, kila moja uipe RAM GB 2. Moja iwe seva, nyingine iwe mteja wake.

Kisha jipe kazi ndogo ndogo: fungua akaunti za watumiaji, ingia kwenye seva kwa SSH ukiwa kwenye mashine nyingine, funga nginx uone ukurasa wako wa kwanza, weka nakala rudufu ya mafaili, futa mafaili makusudi, yarudishe. Kila hatua iandike kwenye daftari.

Sisi wenyewe tulijaribu, na tukachekana. Tuliwasha ukuta wa moto kwa amri ya `sudo ufw enable` kabla ya kuruhusu SSH. Tulipotaka kuingia tena, mlango umefungwa! Seva halisi ikiwa nchi nyingine, hiyo ni balaa. Hapa tuliingia kupitia dirisha la mashine yenyewe ndani ya VirtualBox, tukaandika `sudo ufw allow OpenSSH`, yakaisha. Tangu hapo, kabla ya jaribio lolote tunahifadhi kwanza hali ya mashine, ili tukikosea turudi nyuma.

Chunga kibarua chako

Kama unatumia mtandao wa mwajiri, omba ruhusa. Kompyuta yake usiiguse. Ziunganishe mashine zako kwa mtandao wa ndani wa VirtualBox, usiokwenda nje, na usijaribu kamwe kuingia kwenye kifaa cha mtu, hata kwa utani. Oman ina sheria ya makosa ya mitandao tangu 2011, na kuingia kwenye mfumo usioruhusiwa ni kosa. Jamani, kujifunza kusikuharibie kazi na viza.

Je, inalipa?

Ahadi ya kazi hatutoi, na anayekuahidi mwulize anaiweka wapi kwa maandishi. Tunachoweza ni kupiga hesabu. Mkataba wa miaka 2 ukitoa miezi 10 ya kuweka akiba, inabaki 14, yaani wiki kama 60. Saa 5 kwa wiki, Ijumaa na usiku mmoja, ni saa 300 za mazoezi. Na zile riyali 8 ukiendelea kuzitenga, unafika mwisho wa mkataba na 112 za kuanzia ada ya mtihani. LPIC-1, kwa mfano, ina mitihani miwili, kwa hiyo ulizia bei ya yote miwili.

Ukiona baada ya miezi mitatu mambo haya hayakuingii, si aibu. Kompyuta unaiuza au unaipeleka nyumbani watoto wasomee. Yule dada hakulipa zile 150. Mwezi huu ametenga 8 zake za kwanza.