Kumaliza Muhtasari Si Kufundisha

Kila unapokaribia mwisho wa mwaka, swali linaloulizwa zaidi katika skuli zetu za Unguja na Pemba ni moja: je, muhtasari umekwisha? Mkaguzi humwuliza mwalimu mkuu, mwalimu mkuu humwuliza mwalimu wa somo, na mzee aliyekwenda kutazama maendeleo ya mwanawe hurudi nyumbani ameridhika akiambiwa kwamba mada zote zimeshasomeshwa. Ni nadra kusikia swali la pili, ambalo kwa maoni yetu lilistahili kutangulia: katika hayo yaliyosomeshwa, mtoto amebaki na nini?

Swali hilo si la wataalamu peke yao. Tarehe 23 Septemba 1964 Serikali ya Mapinduzi ilitangaza elimu bila ya malipo, na tangu hapo watoto wa wakulima na wavuvi wamefunguliwa milango iliyokuwa ya wachache. Wananchi wamechimba misingi, wamebeba mawe na wamechanga kidogo walichokuwa nacho ili watoto wapate pa kukaa. Mtoto anayepita madarasa yote hayo kisha akatoka hawezi kukokotoa robo ya kitu, wala kueleza kwa nini maji hupwa na kujaa, amenyimwa haki yake kimya kimya, hata kama jina lake halikukosekana katika rejista siku moja.

Bahati njema ni kwamba namna binadamu anavyojifunza imechunguzwa kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1885 mtaalamu wa Kijerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alihifadhi mafungu ya silabi zisizo na maana, kisha akapima ni kiasi gani cha kazi alichookoa alipozihifadhi upya. Saa moja tu baadaye zaidi ya nusu ilikuwa imepotea, na baada ya siku moja kiasi cha theluthi mbili. Somo lenye maana hudumu zaidi kuliko silabi tupu, lakini mwenendo ni uleule: hasara kubwa hutokea mapema, na marejeo yanayopangwa kwa nafasi huipunguza.

Marejeo nayo si ya namna moja. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi kifungu cha habari wakisome. Kundi moja lilipewa vipindi 4 vya kukisoma. Jingine lilipewa kipindi 1 cha kusoma na vipindi 3 vya kuandika linayoyakumbuka bila ya kutazama. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele, kwa asilimia 83 dhidi ya 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: wao walikumbuka asilimia 40, na wale waliojilazimisha kukumbuka asilimia 61. Ndiyo kusema kwamba mwanafunzi anayesoma daftari lake mara kumi anaweza kudhani amejua, kumbe maneno yameyazoea macho yake tu.

Wazee wetu hawatashangaa sana. Katika vyuo vya Kurani, mtoto hakupewa aya mpya kabla ya kusomeshwa zile za jana bila ya kuangalia, na neno kudurusu lilikuwa katika kinywa cha kila mwalimu. Upungufu unaosemwa juu ya njia ile ni kuhifadhi bila ya kufahamu maana. Lakini katika kupigania ufahamu, skuli isitupe na ile hekima ya kurejea kwa nafasi. Dakika 5 za mwanzo wa kila kipindi, kwa maswali 3 ya jana, ya wiki iliyopita na ya mwezi uliopita, hazihitaji fungu lolote la bajeti.

Jambo la pili ni kuanzia pale alipo mtoto. Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi aliyefariki mwaka 1980, alionyesha kwamba mtoto si mtungi mtupu unaongoja kujazwa. Anakuja na fikra zake juu ya ulimwengu, na jipya hulipima kwa lile alilonalo. Watoto wa visiwani wanakuja na mengi. Aliyetumwa dukani kununua mchele na bibi aliyezoea vipimo vya zamani amesikia kwamba vibaba 4 hufanya pishi 1. Hapo ndipo ilipo robo, na nusu, na robo tatu, kabla ya tarakimu kuandikwa ubaoni. Mtoto wa Paje au Jambiani, ambako kilimo cha mwani kilianza mwaka 1989, anajua siku gani mama yake huweza kufika shambani kwa sababu ya bamvu, na siku gani maji mafu humzuia. Mwalimu anayeanza na ujuzi huo, akauliza mwezi ulikuwaje angani siku za bamvu, ana nusu ya somo la mvuto wa mwezi na jua mkononi mwake. Anayeanza na ufafanuzi wa kunakili humpa mtoto maneno yasiyo na pa kushika.

La tatu ni msaada unaopungua. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi ya Kisovieti aliyefariki mwaka 1934, alieleza kwamba kati ya lile mtoto anaweza peke yake na lile asiloliweza kabisa kuna eneo la yale anayoyaweza akisaidiwa, na hapo ndipo mafunzo yanapozaa. Mwaka 1976 David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross waliufananisha msaada huo na majukwaa ya miti wanayoyasimamisha waashi: huwekwa kwa muda, na jengo likisimama huondolewa. Darasani maana yake ni hii. Mwalimu afanye hesabu ya kwanza nzima mbele ya wanafunzi, akisema kwa sauti anachofikiri. Ya pili aifikishe nusu, wao waimalize. Ya tatu waifanye wawili wawili. Ya nne kila mtu peke yake. Skuli nyingi huruka kutoka ya kwanza hadi ya nne, kisha hulaumu vichwa vya watoto.

Mafundi hawafanyi hivyo. Jean Lave, mwanaanthropolojia wa Marekani, aliwachunguza katika miaka ya 1970 mafundi cherehani wa Kivai na Kigola nchini Liberia. Mwanagenzi hakuanza kwa kukata kitambaa. Alianza na kazi za kumalizia, kama kutia vifungo na kupinda upindo, akawa anaiona nguo nzima ilivyo. Halafu akajifunza kuunga vipande. Kukata, ambako kosa moja huharibu kitambaa, kukaja mwisho. Mpango ule haukuandikwa popote, lakini uliwekwa kwa kumfikiria anayejifunza.

Tunagusa pia suala la lugha. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilielekeza hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Hatukusudii kufungua upya mjadala wote. Tunakumbusha tu kwamba akili hubeba mambo machache mapya kwa wakati mmoja, na mtoto anayepambana na lugha ngeni na dhana ngeni kwa pamoja anabebeshwa mizigo miwili. Popote lugha ya kigeni inapotumika, dhana na ieleweke kwanza kwa Kiswahili, na maneno mapya yafundishwe waziwazi kabla ya somo.

Hata hivyo, si kila kinachoitwa nadharia kinastahili kupokelewa. Imeenea duniani kote imani kwamba kuna watoto wa kujifunza kwa macho, wengine kwa masikio, na wengine kwa mikono, na kwamba kila mmoja afundishwe kwa njia yake. Wataalamu walioupitia utafiti wa jambo hilo mwaka 2008, wakiongozwa na Harold Pashler, hawakupata ushahidi wa kutosha wa kulijengea mafunzo. Maofisa wanaoletewa semina za namna hiyo wana haki ya kuuliza ushahidi kabla ya kutia saini.

Tunajua yatakayosemwa. Madarasa yamejaa, na skuli nyingi zimefundisha kwa mikondo miwili miaka na miaka. Mwalimu mwenye watoto 60 atawezaje? Shida hiyo ni ya kweli, na dawa yake ni majengo na walimu zaidi. Lakini maswali 3 ya mwanzo wa kipindi huulizwa watoto 60 kama wanavyoulizwa 30, na kazi ya wawili wawili ndiyo inayomsaidia mwalimu asiyeweza kumfikia kila mmoja.

Kwa hiyo tunawaomba wahusika mambo matatu. Kwanza, fomu ya mkaguzi isiulize tu mada ngapi zimekwisha. Mkaguzi awaulize wanafunzi wachache lile walilosoma mwezi uliopita, na aandike alichokisikia. Pili, vituo vya walimu viwakutanishe walimu wa somo moja wapange vipindi pamoja, kuliko kuwakalisha kusikiliza hotuba juu ya majina ya wataalamu. Tatu, watungaji wa mitihani wapunguze maswali yanayojibiwa kwa kukariri ufafanuzi, kwani mwalimu hufundisha kile kitakachoulizwa, na hatuwezi kumlaumu.

Nanyi wazee, mtoto akirudi skuli msimwulize amesoma nini tu. Mwambieni akufundisheni. Akiweza kukueleza mkaelewa, kuna kilichobaki. Akishindwa, ana haki ya kurudi kuuliza, na mwalimu ana wajibu wa kurudia.