Herufi ya Kiiraqw Katika Kompyuta

Kiiraqw, lugha ya Mbulu na Hanang, kina sauti ya kooni ifananayo na ain ya Kiarabu. Katika sarufi ya Maarten Mous ya mwaka 1993 sauti hiyo huandikwa kwa mkwaju (/). Kwa taipureta jambo hilo halina taabu: alama imo katika mashine, nayo mashine hupiga chapa tu, haiulizi kazi ya alama.

Kompyuta sivyo. Ndani yake kila alama ni namba yenye kazi yake. Katika orodha ya ASCII, iliyotolewa Marekani mwaka 1963, mkwaju ni namba 47, nao huhesabiwa kuwa alama ya uandishi, si herufi. Mfumo wa Unix, ulioanza mwaka 1969, huutumia kutenga majina ya faili. Basi neno la Kiiraqw lenye mkwaju haliwezi kuwa jina la faili humo, na programu ya kutafuta maneno yaweza kulikata vipande viwili.

Kompyuta ya kwanza ya Tanzania, iliyowekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, ilikuwa ya hesabu. Haikuhitaji herufi hiyo. Kamusi na matini za leo zaihitaji. Orodha ya Unicode, iliyoanza kutolewa mwaka 1991, inayo ʕ, ambayo ni herufi kamili, lakini haimo katika kibodi za kawaida. Kuchagua kati ya mbili hizo ni haki ya wasemaji wenyewe. Nao uamuzi huo yafaa ufanywe kabla matini hazijawa nyingi.