Gari Kuukuu na Maji Yachemkayo Ufipa

Gari kuukuu lipandalo kutoka bonde la Ziwa Rukwa kwenda Sumbawanga huanza katika kimo cha mita 800 hivi na kufikia mita 1,800 hivi. Mlimani injini hufanya kazi kubwa huku gari likienda polepole, hivyo upepo upitao katika rejeta ni haba. Hayo kila dereva anayajua. Lisilofahamika sana ni kwamba kadiri tupandavyo, kanieneo ya hewa hupungua, na maji huchemka mapema. Pwani huchemka katika nyuzi 100 za Selsiasi. Sumbawanga, katika nyuzi 94 hivi.

Kwa hiyo kuona mvuke hakutoshi. Sharti tusome kipimajoto cha gari. Mvuke ukitoka ilhali mshale haujafikia alama ya hatari, kishukiwe kwanza kifuniko cha rejeta. Springi yake huzuia mvuke na kuongeza kanieneo; ikiongeza nusu ya kanieneo ya hewa ya pwani, maji ya Sumbawanga hayachemki hadi nyuzi 107 hivi. Mpira wake ukichakaa, faida hiyo hupotea. Wako wanunuao rejeta nzima kwa sababu ya mpira huo mdogo! (Kifuniko kisifunguliwe kingali moto: kanieneo hushuka ghafla, maji yakachemka mara moja na kumrukia mtu usoni.)

Mshale ukipita alama ilhali maji yangali tele, kagueni mkanda wa feni, uchafu ndani ya rejeta, na thamostati. Thamostati yaweza kupimwa darasani: itundikwe pamoja na kipimajoto katika sufuria ya maji yapashwayo moto. Iliyoandikwa 82 yapasa kuanza kufunguka karibu na kipimo hicho, kabla maji ya Sumbawanga hayajachemka.